Kiraka cha Tatu

Mpokea simu alikaa kwenye benchi la kliniki ya masikio, pamba sikioni, akingoja kuitwa. Usaha ulikuwa umeanza tena. Ngoma ya sikio lile ilishatiwa kiraka mara mbili, na mara mbili kikatoboka. Bosi wake alishamwambia: usiposikia simu, namweka anayesikia.

"Mdogo wangu, nawe husikii," alisema dada yake pembeni. "Fuata anavyosema daktari."

Mpokea simu alichemka. Asichosikia ni kipi? Hakupenga kamasi, hakuingiza maji, dawa alidondosha asubuhi na jioni.

Ndani, daktari alichomoa pamba, akamulika sikio, akairudisha, akaguna. "Huyu hasikii," alimwambia muuguzi. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Sikio likajibu. Lilitumia sauti ya daktari mwenyewe, ile ya chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa usingizini: "Mrija wa kutoka sikioni kwenda kooni umeziba. Hewa haipiti. Kiraka kitavutwa ndani, kitoboke tena."

Likaja na sauti ya muuguzi: "Tusiutibu mrija kwanza?"

Kisha ya daktari tena: "Bandika, bwana, foleni ndefu. Kikitoboka, tutasema hasikii."

Muuguzi alifunga dirisha, akamgeukia mpokea simu. "Lipunguze sauti, dada. Sikio la jana lilipiga kelele kuliko hili."

"Siku ile ya upasuaji nilikuwa na mafua," daktari alisema, akiisikiliza sauti yake.

"Mlijua!" Mpokea simu aliinuka kitini. "Mmenipasua mara mbili huku mnajua, halafu sikio la kufa ni langu? Hamna haya nyinyi!"

"Kiraka cha tatu, Jumatatu," daktari alisema. "Safari hii usikie."

Mpokea simu alitoka, akauacha mlango wazi, akang'oa pamba. Sikio likarudia yote, neno kwa neno, benchi zima likasikia. Dada yake aliinamisha kichwa.

"Langu nalo husema hivyohivyo," alisema mzee mmoja. Muuguzi akamwita. Mzee akachukua fimbo yake, akaingia.

Jumatatu mpokea simu alirudi, kwa kuwa hospitali nyingine hakuna na kazini simu zilikuwa zinalia. Alipanda kitandani na hasira zake zote, meno ameyauma. Dawa ya usingizi ikamchukua. Sikio lilibaki macho. Daktari akasema yaleyale, nalo likayapokea.