Wiski ya Waridi Isiyo na Rejea

Usiku wa jana niliota jambo ambalo nisingehitaji kuliota kama Jumamosi ningegeuza shingo. Katika tafrija ya idara yetu, Profesa Mlingi aliinua bilauri ya wiski ya waridi, akatazama viputo vikipanda, akauliza ni nani aliyekibuni kinywaji kile. Nilijibu, "Mimi." Sikuona kwamba nyuma yangu, akiwa amebeba sinia la bilauri, alisimama jirani yangu Bi. Hansa Raichura, aliyenifundisha kila hatua na ambaye nilikuwa nimemwomba aje kunisaidia.

Katika ndoto nimo jikoni mwake. Ninatia punje za iliki katika kinu na kuinua mchi.

"Taratibu, Daktari," inasema iliki moja. "Uliza tu, nitasema."

"Utasema nini?"

"Chanzo."

Ninaeleza kwamba kanuni inataka iliki ipondwe hadi itoe yote iliyo nayo. Iliki inakiri kwamba kanuni ni sahihi, kisha inatoa yote: jina kamili la Bi. Hansa, mwaka alipomtengenezea marehemu mumewe kinywaji hiki kwa mara ya kwanza, na ukweli kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuonja wiski. Huipima kwa kunusa. Ninajaribu kuandika. Kalamu haitoi wino.

Jikoni pamekuwa chumba cha utetezi wa tasnifu. Mbele yangu wameketi watahini watatu: chupa ya wiski, ua la waridi, na soda, ambayo haiwezi kutulia kitini.

"Mtahiniwa," inasema wiski, "vipimo viwili vyangu, kimoja cha sharubati ya waridi, nusu ya ndimu. Umevipata wapi?"

"Ni maarifa ya kawaida."

Soda inacheka hadi inamwagikia meza. "Muhula uliopita ulimfelisha mwanafunzi kwa jibu hilohilo."

"Alinakili ukurasa mzima."

"Wewe umenakili jirani mzima."

Waridi linang'oa petali yake moja, linaiweka mezani kwa adabu, na kuniuliza kwa nini soda humiminwa mwisho.

"Ili viputo visikimbie," ninajibu, na kwa kutaka kuonyesha umahiri ninaimimina kwanza. Viputo vinatoka ndani ya bilauri, vinapanga foleni na kuelekea mlangoni.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa mwenyewe," kinasema cha mwisho, na kunifungia mlango.

Mlango unafunguliwa tena. Ni Bi. Hansa, anakusanya bilauri tupu. Haniangalii.

"Usihangaike, Daktari," anasema. "Ni kinywaji tu. Hata ungenitaja, nani pale angemjua Hansa?"

"Mimi ningekujua."

"Jumamosi ulinijua?"

Watahini wanasubiri. Hata soda imetulia. Ninatafuta sentensi yenye heshima, na ninagundua kwamba zote nilizonazo zinaanza na mimi.

"Hapana," ninasema.

"Hilo liandikwe," inaamuru wiski. Kwa kuwa hakuna wino, Bi. Hansa ananisogezea kibakuli cha zafarani iliyolowekwa. Ninachovya kidole gumba, ninaandika nacho jina lake kwenye karatasi na kukibandika chini yake.

Nikaamka. Kidole gumba changu kilikuwa cha manjano hadi kwenye kiungo. Nyumbani kwangu hapajawahi kuingia zafarani. Nilikiosha kwa sabuni mara tatu, kikabaki vilevile.

Asubuhi nilimkuta Bi. Hansa akianika nguo. Nikamwambia nilichofanya Jumamosi, kana kwamba hakuwapo.

"Nilikuwapo," alisema, akaendelea kubana nguo. "Nilidhani utageuka. Nikasimama kidogo. Sinia likawa zito."

Nilimpa barua niliyomwandikia Profesa Mlingi na wageni wote, yenye jina lake na vipimo vyote. Aliisoma polepole, akakiona kidole changu, hakuuliza. Kisha akachukua kalamu na kusahihisha kipimo cha ndimu.

"Robo," alisema. "Nusu inaua waridi. Mwaka mzima ulikuwa unakosea, nikaona haya kukuambia. Haya, itume."

Niliituma kabla ya saa nne. Kuanzia leo kinywaji kile kina jina lake, na mimi nikitaka sharubati ya waridi nitanunua dukani, badala ya kwenda kumwomba yeye.