Maji ya Mtihani

Watu wa kwetu Kola wakikuuliza unataka kusomea nini, wanataka jibu lenye koti jeupe au kofia ya polisi. Ukisema kemia, wanakuangalia kama mtu aliyesema anataka kuolewa na mbuzi. Baba yangu, Musembi, alinikatiza uji ukiwa mdomoni.

"Kemia inatibu nani?"

"Haitibu mtu, baba."

"Sasa ni ya nini? Kamanthe, jaza uuguzi. Muuguzi hakosi kazi. Hiyo kemia yako utaipika?"

Mimi nina mdomo, na siku hiyo niliutumia. Nilimwambia aangalie meno ya watoto wa huku, yalivyo ya kahawia tangu yanapoota, hata meno ya mdogo wangu Lavender anayecheka akijifunika na mkono. Mwalimu Nzioka alituambia huenda ni kitu kilichomo kwenye maji ya kisima cha pampu, na kwamba hakuna daktari atakayekitoa. Atakayekipima na kukitoa ni mkemia. Tena alitutajia kazi zote: maabara ya serikali, viwanda vya saruji kule Athi River, wizara ya maji. Baba akasema Nzioka mwenyewe ana shahada hiyohiyo na anaendesha baiskeli isiyo na breki. Na baiskeli ilikuwa kweli haina breki.

Hata hivyo nilijaza kemia kwenye fomu ya chuo kikuu. Masharti nilikuwa nayo kichwani kama sala: wastani wa B, hisabati B, na kemia yenyewe B+. Ukipungukiwa kwenye kemia, hata ungepata A ya Kiswahili, mlango haufunguki. Kulikuwa na njia ya kujilipia, lakini hiyo ilikuwa ya watoto wa wenye nacho. Mimi njia yangu ilikuwa moja tu.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, mwaka mbaya. Mvua ilikataa. Tangi la shule lililokuwa likikinga maji ya mapaa lilibaki na kutu na mijusi. Kwa ajili ya mtihani wa vitendo, mwalimu Nzioka alienda mjini Machakos akanunua maji ya maabara, yale yasiyo na kitu chochote ndani yake, akayatia kwenye mtungi mmoja wa plastiki. Hayakuujaza, yalifika nusu, lakini yalitosha.

Kabla ya mtihani kuna siku ya maombi. Wazazi wanakuja, mchungaji na katekista wanatuombea kwa zamu, wanatupaka mafuta, kalamu zinabarikiwa. Mwaka huo mwethya wa kina mama, kile kikundi chao cha kuchimba mitaro na kusaidiana mashambani, waliamua kwamba maombi bila kazi ni kelele. Wakaja na mifagio. Wakapiga deki madarasa, wakafuta meza za maabara mpaka zikang'aa. Mama yangu, Nzembi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, na huyo mama akishika kazi, kaa kando.

Jioni tukila isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, alikuwa na furaha kama bibi harusi.

"Maabara yenu tumeipanga. Hata ule mtungi wenu tumekuta uko nusu, tukaujaza."

"Mtungi gani, mama?"

"Ule wa kona. Wageni wa mtihani wanakuja alafu mnawawekea mtungi nusu? Tungechekwa. Nimemimina maji yangu mwenyewe, ile nilikuwa nimebeba ya kupikia."

Wallahi sikuelewa. Kichwa changu kilikuwa kimejaa fomula, nikaitikia tu nikaomba chumvi. Huku kwetu nani asiyejua kwamba mgeni hawekewi chombo nusu? Hata kibuyu cha maziwa, hata sufuria ya uji. Chombo nusu ni tusi. Mwalimu Nzioka naye asubuhi aliukuta mtungi umejaa, akadhani karani aliyetumwa mjini jana yake ameongeza. Alifurahi hata akapiga mluzi.

Siku ya mtihani nilisimama mbele ya meza yangu nikiwa nimejiandaa kuliko nilivyowahi kuwa maishani. Sehemu ya kwanza nikaimaliza vizuri. Sehemu ya pili, tulipewa unga mweupe, tuuyeyushe kwa maji, tuugawe kwenye testitubu, tutie dawa mbalimbali na kusema ndani yake mna nini. Nikatia matone ya silva naitreti. Pakawa peupe, ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Kila mwanafunzi anajua maana yake: kuna kloridi, kile kilichomo kwenye chumvi. Nikaandika.

Kisha nikaendelea, na majibu mengine yakaanza kugombana na hilo. Kila nilichofanya kilisema unga huu hauna kloridi. Nikarudia. Peupe tena. Nikawaangalia wenzangu, kila testitubu mle ndani ilikuwa na ukungu uleule, na wote wanaandika vichwa chini.

Ndipo nikafanya kile mwalimu Nzioka alitufundisha kufanya ukiwa na shaka. Nikachukua maji matupu, bila unga wowote, nikatia matone.

Pakawa peupe.

Nikachovya kidole kwenye yale maji nikaonja, kinyume cha sheria zote za maabara, na ulimi wangu ukayatambua papo hapo, maana nimeyanywa tangu nizaliwe. Maji ya kisima chetu. Maji ya magadi, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Maji ya mama.

Nikanyoosha mkono. Msimamizi, mtu wa kutoka shule nyingine, akaja.

"Mwalimu, maji yana chumvi."

"Andika unachokiona."

"Lakini ninachokiona si cha huu unga, ni cha maji!"

"Binti, ukiongea tena nitaandika ripoti, na shule yenu yote itafutiwa matokeo. Unataka hivyo?"

Nikaketi. Mungu wangu, niliketi kwa kishindo mpaka nikavunja testitubu. Nikisema kloridi ipo, nimeandika uongo. Nikisema haipo, nitalitetea vipi jibu langu na ukungu uko mbele ya macho yangu? Nikaanza kulinganisha, ukungu wa maji na ukungu wa unga, matone kwa matone, nikifuta nikiandika, nikifuta nikiandika. Mwisho nikaandika kwamba weupe ule ni wa maji. Nilipoinua kichwa msimamizi alikuwa akisema kalamu chini, na swali la mwisho sikuwa nimeligusa hata kidogo.

Nje ya ua kina mama walikuwa wakitungoja na chai. Mama akanishika mashavu.

"Maji ilitosha?"

Ningesema nini? Karatasi zilikuwa zimeshafungwa kwenye bahasha na kuondoka na askari. Nikamwambia ilitosha.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na wastani wa B. Hisabati B+. Kemia, ile niliyoipenda, ile niliyogombania na baba, B-. Mlango haukufunguka. Hakuna aliyevuka B ya kemia katika darasa letu lote, na mwalimu Nzioka alizunguka wiki nzima akisema lazima ule unga uliotumwa ulikuwa mbovu. Mimi nililia chooni ili nisionekane. Baba, nashukuru, hakusema "nilikuambia". Alisema tu pole mwanangu, na hiyo ilinichoma zaidi.

Kisha Nzioka akahamishwa, na shule ikanipa chaki yake, ya muda, ya malipo ya karanga. Nikawa mwalimu Kamanthe. Lavender akawa kidato cha nne, naye, mkaidi kama mimi, akajaza kemia. Mvua ilikataa tena. Maji ya maabara nilienda mjini kuyanunua mwenyewe, yakafika nusu ya mtungi.

Siku ya maombi ikafika. Nikasikia nyimbo, nikatoka mlangoni, nikawaona mwethya wote wanakuja, kila mmoja mtungi mgongoni na mkanda wa kubebea kwenye paji la uso, na mama mbele yao.

"Mwalimu, fungua! Mwaka huu hatuachi chombo nusu."

"Mama, hapana."

"Hapana nini? Mwaka jana si tulijaza na mkapita?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeuzuia mlango kwa mwili wangu, na nyuma yangu Lavender alikuwa akipanga testitubu. Ningeweza kudanganya tena, kusema ni sheria mpya. Lakini ningemdanganya mwaka huu, na mwaka ujao, na siku nisipokuwepo wangejaza.

Nikamwomba mama maji kidogo kutoka kwenye mtungi wake. Nikayatia kwenye testitubu moja, na yale ya mjini kwenye nyingine. Nikatia matone kote kuwili. Ya mjini yalibaki yalivyo. Ya mama yakawa meupe.

"Aiya!" mama mmoja akasema. "Maji yetu imekuwa maziwa."

Wote wakacheka isipokuwa mama. Aliziinamia zile testitubu mbili.

"Hiyo ni nini?"

"Ni chumvi ya kisima. Kupikia haina neno. Lakini kwa mtihani inadanganya."

"Inadanganya aje?"

"Unaandika jibu ambalo si lake."

Kicheko kikaisha. Mama akaangalia kona, akauona mtungi uleule, uko nusu.

"Kamanthe. Na mwaka jana?"

Nikampa Lavender zile testitubu.

"Ulijua lini?"

"Nikiwa ndani, mama. Niliyaonja."

"Na ukaniambia ilitosha."

Hakulia, mama yangu si mtu wa kulia mbele za watu. Aliwageukia wenzake akawaambia warudi, maji ya maabara si ya kisima. Mmoja akataka kumwaga wake ili apunguze mzigo, mama akamkaripia. Ukame ule nani anamwaga maji? Akachuchumaa, akavuta mkanda juu ya paji la uso, akainuka na mtungi wote umejaa, akashika njia ya kupanda kilima.

Nilimkimbilia. Nikashika mtungi kwa nyuma nimpunguzie uzito.

"Mama, mwaitu, nipe nibebe."

"Niache," akasema bila kugeuka. "Huu ni wangu."