Sikio Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Mambo yaliharibika Jumatano ile, akina mama wawili wa kujifungua walipomfia mikononi mke wangu Tusekile, muuguzi wa wodi ya uzazi, kisha wakubwa wakamwambia aunganishe na zamu ya usiku kwa kuwa watu hawatoshi. Alirudi nyumbani hasemi. Akaishi hivyo hivyo, hasemi, mpaka presha ikamwondoa duniani.

Usiku wa kuamkia leo nimeota Jumatano hiyo imerudi.

Niko hospitalini, ukumbini, kwenye mafunzo. Wauguzi wamejaa vitini, hakuna hata mmoja mwenye masikio. Mwalimu ni mashine ya kupimia presha. Imepanda mezani, inajijaza upepo kabla ya kusema.

"Mtumishi akielemewa, mwenzake amtegee sikio."

"Atege lipi?" nauliza. "Mbona mmewanyofoa yote?"

"Tumeyahifadhi stoo, baba, yasichakae. La kutumia ni moja tu, la idara. Ndilo lililokwenda semina."

Linaletwa. Sikio kubwa kama ungo, bado liko kwenye nailoni yake, limefungwa utepe mwekundu wa uzinduzi.

"Shikamoo, baba Lusajo," linasema.

"Marahaba. Umesoma wewe?"

"Nina cheti. Nimefundishwa nisimkatize mtu, nisimwambie ajikaze, nisimhubirie kabla hajamaliza."

"Basi msikilize mke wangu."

"Natamani, baba. Sijazinduliwa."

Ukumbi unakuwa jiko langu. Tusekile kakaa kwenye kigoda na sare yake ya kazi, anamenya ndizi zisizopungua. Anafungua mdomo. Hapo hapo mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yao, anainuka kutoka ndani ya sufuria, suti haijalowa, mkasi mkononi.

"Mama, vumilia kidogo. Mgeni rasmi yuko njiani."

"Njia gani?" nauliza mimi.

"Ameahirisha. Lakini keki imeshaagizwa."

"Na huo mkasi?"

"Mkasi ni wa mgeni, mzee wangu. Mimi naushika tu."

"Miaka yote hiyo darasani, daktari, ulikuwa unasomea kushika mkasi?"

Anatazama saa, na saa nayo inatazama pembeni.

Nikauma utepe wa sikio kwa meno. Mgumu kama mshipa wa ng'ombe. Nikautafuna mpaka ukakatika, mfawidhi ananivuta shati, mashine inapiga kelele kwamba presha yangu haimo kwenye bajeti.

Sikio linamwinamia mke wangu, naye anasema. Anasema mpaka ndizi zinakwisha. Mimi naona midomo tu, sauti hainifikii. Mwishoni anacheka kile kicheko chake, mkono mdomoni, kuficha pengo.

"Amesema nini?" naliuliza sikio.

"Siri ya mgonjwa."

"Huyu si mgonjwa. Huyu ni muuguzi."

"Ndivyo walivyomjibu ofisini alipojaribu kusema," linasema.

Nikaamka. Kitu kimenikwama katikati ya meno. Nimekivuta polepole mbele ya dirisha: uzi mwekundu unaong'aa, na nyumba hii haina shuka wala nguo yenye rangi hiyo.

Sasa nawauliza ninyi wakubwa wa pale hospitalini. Mafunzo mlishayapata, mkasi mlikuwa nao. Mbele yenu alisimama mtu anayezama. Mlikuwa mnamsubiri mgeni gani mkubwa kuliko yeye?