Kiti cha Mwenye Tatizo

...na chaki bado mkononi, hata sijamaliza kuandika should ubaoni, darasa langu la Kiingereza la watu wazima, fundi cherehani keshaketi kwenye kiti cha mwenye tatizo, kile ninachokiweka mbele kila tukifanya zoezi la kushauri, masharti nimeyatoa mwenyewe, tatizo liwe la kubuni, ya nyumbani kwenu yaacheni huko huko, wakacheka, naye akaanza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba anaishi peke yake tangu dada yake afariki, na kila jioni akirudi anakuta birika ni la moto, na ndala alizoziacha ovyo zimepangwa, zimeelekea mlangoni... birika langu hilo, ndala zangu, dada yangu, nani kamwambia, sijamwambia mtu, hata jirani, nikienda kukaa kwake mpaka usingizi unishike, anadhani nimefuata tamthilia... "Mwalimu, should au must?" anauliza dereva wa lori, nasema must ni amri, should ni ushauri, na sauti yangu imetoka sawa, ajabu... sisi ushauri tunauzungusha, mimi sijui lakini ningekuwa wewe, ndivyo alivyokuwa dada, hakuniambia fanya hata siku moja, ningekuwa wewe ningevaa sweta, basi, na sweta keshaniletea... hii should imenyooka kama kidole kifuani, na darasa limeipenda, muuguzi anamshauri abadilishe kitasa, dereva anamshauri ahame, na wote wanaitikia pamoja kama nilivyowazoesha, you should move, you should move, huku wananitazama mimi, si yeye, au ni kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, ndiyo, wanangoja nisahihishe... nihame niende wapi, na nikihama birika atamchemshia nani, kumbe hilo ndilo linaloniuma, siogopi kumkuta, naogopa kumfukuza... fundi anainamisha kichwa, anasema kuna na sauti, inamwita kutoka jikoni, "She calls me Kidoti," na chaki inakatika, jina hilo alinipa dada tukiwa wadogo kwa alama hii ya shavuni, hakuna aliye hai anayelijua, namwangalia fundi mashavu yote mawili, hana kitu, nataka kumuuliza amelitoa wapi, lakini masharti ni masharti, ni la kubuni... na kinyozi, yule mzee wa nyuma ambaye hajawahi kumaliza sentensi, leo anainua mkono, "You should say hodi," darasa linaangua kicheko, hodi si Kiingereza, mwalimu msahihishe, nami natafuta neno badala yake silipati, natafuta, ninachokipata ni mimi mlangoni kila jioni, funguo nimezibana zisilie, nanyata kama mwizi kwenye nyumba yetu wawili, na nani atamkaribisha mtu asiyebisha... leo nitabisha, mlango wangu mwenyewe, nitasema hodi, nitangoja, na nikiitikiwa nitavua ndala niziache ovyo, makusudi... "Ni sahihi, mwalimu?" anauliza dereva, fundi yuko pale pale kitini, kipande cha chaki kimebaki mkononi, nasema sahihi, endeleeni, na fundi ananiinulia macho, anasema taratibu, kwa Kiswahili, "Ningekuwa wewe, mwalimu, leo nisingechelewa."