Moto Uliotumwa kwa Faradji

Naapa kwa meno yangu matatu yaliyobaki: haya yote ni kweli tupu. Mwenye kubisha aje Kasongo aulize mutu yeyote, isipokuwa Mama Euphrasie.

Huyo Mama Euphrasie, jirani yangu, alikuwa amesimamisha nyumba ya matofali mabichi. Mabati yalikuwa chini, mawingu juu. Mvua ikitangulia mabati, kuta zinarudi kuwa udongo, na jasho lake lote la kuuza mihogo linaenda nazo. Lakini waya wa umeme wa Faradji, jirani wa upande wa pili, ulikatiza karibu kabisa na mbao za paa, ukitoka kwenye jenereta yake kwenda pale anapochomelea vyuma. Clovis, fundi wa mabati, alikataa kupanda, akaniambia:

"Papa Lwamba, ule waya iko uchi. Bati ikigusa pale, munanizika."

"Unaogopa nini? Ule moto wa umeme umetumwa kwa Faradji, na weye hauna maneno nao. Mimi kule Wamaza nilishika waya kama ule kwa mikono miwili. Moto ukanisalimia, ukapita. Bibi yangu akachaji simu kwenye sikio langu mpaka akachoka."

"Kweli, Papa?"

"Kama naongopa, jogoo wangu achinjwe."

Clovis akamutazama jogoo. Ngurumo ikapiga. Akabeba bati, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Clovis, shuka!" Mama Euphrasie alitoka jikoni na mwiko. "Papa Lwamba, ni Wamaza gani hiyo?"

"Ya Kabambare. Iko ingine?"

"Mimi nilizaliwa pale. Tunawasha vibatari mpaka leo. Ulishika waya wa kuanikia nguo?"

Nikakohoa. Clovis akalaza bati chini polepole, kama mutoto amesinzia.

Mama Euphrasie akakimbia kwa Faradji, jenereta ikazimwa. Clovis bado akagoma: wateja wa Faradji wanaweza kuiwasha yeye akiwa juu. Akataka mutu mwaminifu akae pale na ufunguo mpaka ashuke. Mwaminifu hakupatikana, wakanituma mimi.

Nikaketi juu ya jenereta, ufunguo nimeubana kwa meno yote matatu. Wateja wakanitukana, sikuweza kujibu. Mvua ilingoja bati la mwisho lipigwe misumari, halafu ikanishukia mimi.

Jogoo aliliwa chini ya mabati mapya. Waliniletea shingo. Nikauliza paja liko wapi.

"Paja lilipitia Wamaza," akasema Mama Euphrasie. "Moto ukalisalimia."