Haigawanyiki

Mkasi wa Sindano, fundi wa nguo, ulisimama katikati ya gauni la watu. Upande wa pili wa ukuta, mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa akicheka kwenye simu. Kicheko cha siku za uchumba, ambacho mkewe hakuwa amekisikia tangu mwaka wa pili wa ndoa.

Sebule ilijaa wateja kama kawaida, wanawake watano na umbea wa mtaa mzima. Kwa miezi minne mwalimu alikuwa akijifungia na kompyuta. Chakula chake kilipoa mezani, na akiitwa aliitika kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Shoga mmoja alikwisha kumpa mwanamke waliyemdhania yumo kwenye kompyuta umri, rangi, hata manukato. Sindano alicheka na wenzake, lakini wivu ulimkaa kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo: ukitulia huihisi, ukigeuka inakuchoma.

Mara sauti ikapenya ukuta.

"Sasa nina hakika. Nimepima kwa kila njia. Ni tasa."

Miaka saba ya ndoa bila mtoto, na kila mmoja pale alijua. Mteja mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

Sindano aliusukuma mlango, mkasi mkononi. "Kama umenichoka, niambie mimi. Usinitangaze kwenye simu."

Mwalimu aliutazama mkasi, kisha nyuso tano mlangoni. Neno lake mwenyewe lilichukua muda kumrudia kwa maana waliyoisikia wengine. Akaishusha simu aliyompigia mwalimu mwenzake.

"Namba, mke wangu. Namba tasa."

Akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta: tarakimu elfu arobaini na moja, zimebanana kama mishono ya cherehani. Haigawanyiki, alieleza, ila kwa moja na kwa yenyewe; ijaribu kwa tatu, kwa saba, kwa yoyote upendayo, lazima kitu kibaki. Wala hakuna aliyewahi kuijua kabla yake.

Shoga akasema angalau mke mwenza huyu haombi nguo za sikukuu, na mlango mzima ukaangua kicheko. Sindano hakucheka. Alimwona mumewe akiifunika namba ile kwa kiganja.

"Aliyeiita tasa alikosea," mwalimu alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Namba zote zisizo tasa huzaliwa na hizi."

Sindano akaisogelea kompyuta.

"Na baada ya hii?"

"Ipo kubwa zaidi. Hazina mwisho."

Basi mke mwenza si mmoja. Ni msafara usiokatika. Akauweka mkasi juu ya madaftari ya wanafunzi, akavuta kigoda.

"Nisomee."

"Yote?"

"Kwani mimi nina haraka?"

Akaanza. Wateja waliondoka mmoja mmoja, gauni likabaki na nusu ya mkono. Kufika tarakimu ya ishirini sauti ya mwalimu ilikuwa imelainika, na Sindano, goti lake likigusa la mumewe, aliitegea sikio, ajue ulaini ule ni wake au ni wa namba.