Jina la Binti wa Kwanza

Mtoto wetu alimaliza mwezi mzima bila jina. Majirani wa Toongabbie, mtaa wetu huku ughaibuni, waliuliza mpaka wakachoka. Si kwamba jina halikujulikana. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, nasi Wakamba tunafanya hivyo hivyo, kwa hiyo hata mama yangu asingenitetea. Mtoto alikuwa Wangari. Mimi ndiye niliyekataa kulitamka.

"Jerusha, ni jina tu," mume wangu Kamande aliniambia akivaa viatu vya kazini. "Don't stress."

Wangari mwenyewe, mama mkwe wangu, alikuwa jikoni mwangu akichemsha njahi, maharage meusi ya kwao, za kuniongezea maziwa. Alikuja kutoka Nyeri kunitunza uzazini, na mimi na yeye tulikuwa tukiongea Kiswahili cha adabu, cha pole na asante, basi. Mwaka juzi, mimba yangu ya kwanza ilipotoka ikiwa na miezi mitano, Kamande alimpigia kumpa habari. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nimelala pale pale. Nikamsikia akisema, "Huyo mwanamke hakuwa wako. Mungu anakurekebishia." Tangu siku hiyo nikisikia jina lake nasikia maneno hayo. Halafu ati niliite maisha yangu yote. Wangari njoo ule. Wangari nakupenda.

Niliomba, na sitadanganya, niliomba kwa hasira. Kwanza nilimwomba Mungu ambadilishe yule mama. Nilipopata mimba nyingine nikaomba mtoto wa kiume, nipate pa kuponyokea. Yeye akanipa binti mwenye paji la uso la nyanya yake. Kanisani waliniambia nisamehe, kana kwamba msamaha uko kabatini, ni kunyoosha mkono tu. Nilikuwa nimechoka nao wote, Mungu mwenyewe akiwemo.

Mchana mmoja usingizi ulinichukua kochini. Jakaranda la jirani lilikuwa limechanua, na mwanga wa zambarau ulijaa sebuleni hata sikujua ni saa ngapi nilipovuka kuingia ndotoni. Nilikuwa stesheni, hakuna mtu. Treni zilipita bila sauti. Binti yangu, amekuwa wa miaka kama mitatu, alitembea mbele yangu akielekea ukingoni, taratibu, ameshikwa mkono na msichana mwingine mkubwa kidogo. Yule mkubwa nilimjua bila kuambiwa. Nikafungua mdomo niwaite, wote wawili, na mdomoni hamkuwa na kitu. Watoto wangu hawakuwa na majina.

Nilipoamka kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Niliwaona kupitia mlango wa nyuma. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mtoto begani, na maua ya jakaranda yalidondoka juu ya kitambaa chake cha kichwa bila yeye kuyapangusa. Nilisimama pale mlangoni, nusu yangu ikiwa bado stesheni. Nikasema kimoyomoyo, "Baba, jina nitalitoa mimi. Upendo utautafuta wewe, kwa sababu mimi sina." Kisha nikatoka nje.

"Mama, mtoto ataitwa Wangari."

Hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliendelea kumpigapiga mtoto mgongoni. "Kamande amekulazimisha?"

"Hapana. Nimemwachia Mungu. Lakini ujue kwamba siku ile ya simu nilikusikia. Na yule mtoto niliyempoteza alikuwa msichana."

Mkono wake ukasimama.

"Hakuna aliyeniambia ni msichana."

"Hukuuliza, Mama."

Treni ilipita, ya kweli hii, na madirisha yakatetemeka. Nilimwona akihesabu, kama wanavyohesabu kina mama wa kwao. Binti wa kwanza, jina la nyanya wa kwa baba. Wa pili, la nyanya wa kwa mama.

"Basi alikuwa Wangari," akasema. "Maneno yale niliyasema juu ya msiba wa Wangari wangu."

Sikuwa na huruma ya kutosha kumfariji.

"Kwetu ambaye hakuzaliwa hahesabiwi," akaendelea. "Mimi nitamhesabu. Wangari alikuja, akaenda. Huyu ni wa pili, huyu ni wa kwenu." Akamshusha mtoto mapajani akamtazama usoni, kisha akanigeukia mimi. "Mama yako anaitwa nani?"

Miaka minne ya ndoa, na hakuwahi kuniuliza.

"Mutanu."

"Mutanu," akamwita mtoto, polepole, kama mtu anayeonja uji kujua kama umepoa. Kisha akanipa mtoto, akajifunika uso kwa mikono miwili, akamlilia Wangari. Nikaketi kwenye nyasi karibu na miguu yake nikamlilia pia. Mwaka juzi nilikuwa nimelia bila jina la kutaja.